Sauti ya Mervyn na Uzio wa Umeme

Mbwa hakubweka, ndiyo maana Jocelyn Saward hakujua kuwa ana mgeni mpaka kivuli kilipoziba mlango wa banda.

"Samahani, mama. Ule mlingoti ni wako?"

Jocelyn alikuwa ameinama akikwangua udongo mwekundu kwenye viatu vyake vya mpira. Aliinua uso. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka sitini na kitu, amevaa kofia pana, miwani imemteleza puani, na kwapani amebana fito za alumini zilizofungwa kamba kama mzigo wa miwa. Mbwa, msaliti yule, alikuwa ameshajilaza juu ya miguu yake.

"Inategemea," alijibu Jocelyn. "Kama umeangukia gari lako, ni wa kaka yangu."

Mgeni alicheka mpaka fito zikagongana.

"Haujaangukia kitu. Nimeuona nikiwa barabarani. Tangu jana nazunguka pwani hii natafuta kilima kinachotazamana na bahari. Usiku nimelala garini. Asubuhi hii nainua macho, naona mlingoti wa mita kumi na mbili, umesimama tu, hauna kazi."

"Kazi unayo. Kasuku weupe wanakaa pale juu wakitusengenya."

Mlingoti ule aliusimamisha marehemu baba yake Jocelyn, miaka ile televisheni ilipoanza Melbourne na huku kaskazini mwa kisiwa cha Tasmania watu wakiisikia kwa jina tu. Mzee alikuwa na imani moja: asubuhi akitazama bahari na kuiona meli imeinuka juu ya maji, imening'inia hewani kama shuka kwenye kamba, basi jioni hiyo picha za Melbourne zingevuka. Hapo alimwambia mkewe aongeze majani ya chai, maana majirani wangekuja na viti vyao. Mara nyingine walitazama chenga tupu, nyeupe kama theluji, kwa saa mbili, wakabishana kama ule weusi katikati ni mchezaji wa kriketi au ni nguzo.

"Unataka kuangalia televisheni?" Jocelyn aliuliza.

"Redio. Redio ya dijitali, kutoka Melbourne."

"Huku hakuna redio ya dijitali, dada. Mnara wa karibu uko Hobart, nyuma ya milima yote hiyo."

"Najua," alisema mgeni, na macho yake yakang'aa kama ya mtoto aliyeambiwa kuwa kabati limefungwa. "Ndiyo utamu wake."

Jina lake lilikuwa Philippa Wardrop. Alifundisha fizikia Geelong, karibu na Melbourne, mpaka alipostaafu, na sasa alikuwa anawinda redio. Alieleza huku akiramba Vegemite, ule mpako mweusi wa chumvi, kidoleni, kwa maana Jocelyn alikuwa ameshamkalisha juu ya ndoo na kumpa mkate na chai. Kazi ya mwindaji, alisema, ni kuzinasa stesheni mahali ambapo hazikukusudiwa kufika. Akiinasa moja, anaiandikia barua: siku fulani, saa fulani, nikiwa mahali fulani, nimesikia hiki na hiki. Stesheni inamjibu kwa kadi.

"Halafu?"

"Halafu naiweka kadi kwenye sanduku."

"Na mumeo anasemaje?"

"Alisema nichague." Philippa alikunywa chai. "Nina kadi mia tatu na kumi."

Jocelyn alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Lakini alipotazama vizuri aliona kuwa mgeni wake hakuwa mtulivu. Kila baada ya dakika aliitupia jicho saa yake. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi.

"Una haraka gani na Jumamosi yote hii?"

Philippa aliweka kikombe chini. "Kuna mzee anaitwa Mervyn Targett. Kila asubuhi, saa mbili mpaka saa mbili na nusu, anawasomea magazeti watu wasioona, redioni. Ni stesheni ndogo, ya kujitolea, iko kwenye dijitali peke yake. Leo ndiyo siku ya mwisho. Fedha zimekwisha, saa sita mchana wanazima mtambo. Mervyn alizaliwa Wynyard."

"Wynyard hii yetu?"

"Hii hii, hapo chini. Aliondoka na miaka kumi na saba, aligombana na watu wa kwao, na hajarudi tena. Miaka kumi na mitatu ananiuliza: Philippa, wewe unayejua mambo haya, sauti yangu imewahi kuvuka maji? Namwambia, unaweza kusikika dunia nzima kwa intaneti. Anakataa. Anasema kwa waya ni kupelekwa, si kuvuka."

Jocelyn alimwongezea chai.

"Nikampa ahadi kuwa leo nitakuwa ng'ambo, nimesimama kwenye udongo wa kwao. Simu nimeiacha garini, nisije nikajaribiwa kumsikiliza kwa intaneti. Naye ameniambia kuwa mwisho kabisa wa kusoma atasema jambo ambalo halimo gazetini. Saa sita nimpigie nimweleze nilichosikia. Kama sikusikia, niseme sikusikia."

Jocelyn aliinuka, akatoka nje ya banda akatazama kaskazini. Bahari ilikuwa imelala bila kunyanzi. Mbali kabisa, meli ya mizigo inayoelekea Burnie ilikuwa imekaa hewani, na chini yake ukanda wa anga.

"Njoo na miwa yako," aliita. "Mzee wangu angeongeza majani ya chai."

Kamba ya mlingoti ilikuwa ya nailoni na kapi lilitaka mafuta. Wakazifunga zile fito kuwa antena, na Jocelyn alipotaka kuilaza kama ile ya zamani ya televisheni, Philippa alimshika mkono. "Hapana, isimame wima. Mawimbi ya televisheni yenu yalilala, haya yanasafiri yamesimama." Wakaivuta juu, nayo ikapanda ikiyumba, na kasuku wanane wakaruka wakitukana.

Kipokezi chenyewe kilikuwa kisanduku kisichozidi mkate wa sinia, chenye skrini ndogo. Walikiweka nyuma ya pikapu, mlangoni mwa banda. Philippa alibonyeza, na skrini ikaanza kutafuta. Sifuri. Sifuri. Alimwomba Jocelyn auzungushe mlingoti kidogo kulia. Sifuri. Kidogo tena.

Majina yakaanza kushuka kwenye skrini, moja juu ya jingine, matatu, saba, kumi na tisa: stesheni za muziki, za mbio za farasi, za Kigiriki, za watoto, zote za Melbourne.

"Mama wee," alisema Jocelyn. "Zote hizo umezipata kwa mpigo?"

"Zinasafiri katika furushi moja. Ukilipata furushi umezipata zote, ukilikosa hupati hata moja." Philippa alikuwa ananong'ona kama yuko kanisani. Alichagua jina moja, la stesheni ya wasomaji, akabonyeza.

Kimya.

Si mkwaruzo wala si mvumo. Kilitoka kipande cha neno kama mtu anayezungumza ndani ya maji, kikakatika. Kimya. Kipande kingine. Kimya.

Philippa alikagua waya. Akabadilisha waya. Akageuza antena, akairudisha, akaifuta plagi kwa ncha ya shati. Saa ilisema saa moja na dakika arobaini na tano. "Nguvu ipo," alisema, akionyesha mistari pembeni mwa skrini. "Angalia, nguvu ipo ya kutosha! Sasa kwa nini haifunguki? Redio za zamani zilikuwa na huruma. Zikiumwa zinakuambia zinaumwa wapi, zinakohoa, zinakoroma. Hii inanyamaza tu, kama mtoto aliyenuna."

Jocelyn alitazama tu ile mistari. Ilisimama mitano, ikashuka miwili, ikasimama mitano. Ikashuka tena. Bila kujua, kidole chake kilianza kupiga kwenye paja. Pa. Kimya. Pa. Kimya. Na mwili wake ukalitambua pigo lile kabla ya akili.

Yeye na kaka yake Kelvin walipokuwa wadogo walikuwa na mchezo ambao mama yao hakuujua mpaka alipozeeka. Uzio wa umeme haupigi mfululizo. Unapiga, unapumzika, unapiga. Mwenye moyo husimama mbele ya waya akahesabu pigo mwilini mwake, kisha akaushika, akapita chini yake na kuuachia kabla haujapiga tena. Aliyekosea alijulikana mpaka nyumba ya pili. Watoto wa kilima kile wote wanalo pigo hilo damuni, kama wengine walivyo na ngoma.

"Dada Philippa," alisema taratibu. "Ni uzio wangu."

"Uzio gani?"

Jocelyn aliingia kwenye pikapu, akawasha redio ya zamani ya gari, akaisogeza mahali pasipo na stesheni. Ndani ya mvumo ikasikika: tik. Tik. Tik. Nyuma ya gari mistari ikashuka na kupanda kwa pigo lile lile.

Philippa aliisukuma miwani puani. "Mia tatu na kumi," alisema, "na sikufikiria kabisa uzio."

"Hukuzaliwa na ng'ombe. Kuna kikombe cha kauri kinachoshika waya kimepasuka mahali, cheche inaruka kwenda kwenye nguzo. Kelvin ananiambia tangu Krismasi."

"Tunaweza kukitafuta?"

"Uzio una kilomita mbili na nusu. Tutakipata wakati Mervyn ameshakula chakula cha mchana."

Wote wawili walitazama ndani ya banda. Ukutani, juu ya magunia ya mbegu za viazi, kilikuwepo kisanduku cha uzio na taa yake ya kijani ikikonyeza, na chini yake swichi nyekundu.

Jocelyn alikiangalia kisanduku, kisha akaangalia chini ya mteremko. Upande mmoja wa waya walikuwa mitamba sitini, ng'ombe wa umri wa ujinga. Upande wa pili walikuwa brokoli wa Kelvin, safu baada ya safu, wamefumba vichwa vyao vya kijani, tayari kwa wakataji wa Jumatatu. Kelvin aliwalea brokoli wale tangu Novemba kwa namna ambayo hakuwahi kumlea mtu. Waya ukifa, hata ng'ombe mjinga hachukui dakika ishirini kugundua. Ana pua ya polisi.

"Sikuombi," alisema Philippa haraka, maana alikuwa ameyafuata macho yake. "Kwa kweli siwezi kukuomba. Hunijui. Na Mervyn humjui."

Jocelyn alifikiria kijana wa miaka kumi na saba kwenye gati la Burnie. Alijaribu kumpa sura, akashindwa. Kitu alichoweza kukiona ni mtu mzima aliyevaa miwani, ameketi mbele ya kipaza sauti asubuhi baada ya asubuhi, akijiuliza kama maneno yake yanaishia mitaani kwa watu wenye redio, au yanaendelea. Na yeye mwenyewe, aliyeishi miaka hamsini na nane juu ya kilima kinachopokea, hajawahi kuulizwa chochote na upande wa pili.

"Nitauzima saa mbili kamili," alisema. "Na sitauwasha mpaka amalize kusoma. Nimeshasema."

Saa mbili kamili taa ya kijani ilizimika, na sauti ikafunguka kama dirisha.

"...na habari za asubuhi kwenu nyote, ni Jumamosi, mimi ni Mervyn, nina magazeti mawili na maji ya kunywa."

Jocelyn alirudi nyuma hatua moja. Hakuwa amelitarajia hilo. Picha za baba yake zilifika zimechoka, zimejaa theluji, na ukiziangalia ulijua zimetoka mbali. Sauti hii haikubeba alama yoyote ya safari. Alisikia kifungo cha mkono wa shati kikikwaruza meza. Alisikia mzee akimeza maji. Kilomita mia tatu za bahari, na mtu yumo bandani.

"Yuko wapi?" aliuliza kwa kunong'ona. "Hiyo bahari imeenda wapi?"

Philippa alitikisa kichwa tu. Alikuwa anaandika, machozi yanashuka, anaandika.

Mervyn alisoma habari za tramu zilizogoma. Alisoma barua ya mama wa Coburg anayelalamikia wanyama wa usiku waliokula mawaridi yake, akaisoma kwa uzito kama tangazo la vita. Alisoma vifo, jina kwa jina, bila haraka. Mara mbili sauti ilikatika, wakashika pumzi, ikarudi.

Saa mbili na dakika kumi na nane mtamba mmoja, wa hereni ya njano, aliupeleka ulimi kwenye waya. Akaurudisha. Akaupeleka tena. Jocelyn aliyaona yote hayo kutoka mlangoni. Mtamba aliegemeza kifua, waya ukalegea, nguzo ikainama, na wenzake ishirini wakainua vichwa.

"Jocelyn!" Philippa naye alikuwa ameona. "Washa. Nimeshasikia vya kutosha. Nitamwambia tulimpata."

"Amesema jambo lake?"

"Bado, lakini..."

"Basi bado."

Pikipiki ya magurudumu manne ilipanda mteremko ikinguruma na Kelvin juu yake, kofia ameishika mkononi, uso umefanana na udongo.

"Joss! Uzio umekufa! Mitamba wamo kwenye brokoli!"

"Naona."

"Unaona? Unaona na umesimama hapo? Kisanduku kimeungua?"

"Nimekizima."

Kelvin alimtazama dada yake, akamtazama mwanamke mwenye daftari, akaitazama redio. "Umekizima," alisema. "Kwa nini hasa, kama si siri yenu?"

"Kuna mtu anasoma gazeti."

"Gazeti tunalo mezani!" Alipiga hatua kuelekea swichi. Jocelyn alikuwa ameshasimama mbele yake, mgongo umeiziba. Walikuwa hawajakabiliana hivyo tangu utotoni, na hata wakati ule Kelvin ndiye aliyekuwa akimpisha.

"Nilitoa neno langu, Kelvin. Dakika kumi zimebaki. Brokoli wako nitakulipa kwa mikono yangu, nitapanda safu moja moja mwenyewe. Lakini nilitoa neno."

"Kwa nani?"

Swali lilikuwa zuri. Na hapo redioni mzee aliacha kusoma. Karatasi ziliwekwa kando.

"Sasa jambo ambalo halimo gazetini," alisema Mervyn. "Nimeambiwa huenda leo kuna sikio ng'ambo ya maji. Kama lipo: mimi ni mtoto wa Ivy Targett, nyumba ya mwisho kabla ya daraja la Mto Inglis. Niliondoka asubuhi kabla hawajaamka. Sikumuaga mtu. Basi, watu wa kwetu, kwa yeyote aliyebaki: leo naaga."

Kelvin alivaa kofia, kisha akaivua.

"Mama Ivy wa skonzi?" alisema. "Aliyekuwa anatupa skonzi dirishani tukitoka shule?"

"Huyo huyo."

"Alikuwa na mtoto?"

Philippa alipigia mstari neno la mwisho daftarini mara mbili. Chini ya mteremko safu ya tano ilikuwa inaliwa, na mtamba wa hereni ya njano alitembea na kichwa kizima cha brokoli mdomoni kama bibi harusi na maua yake.

"Haya," Kelvin alisema kwa sauti ya chini. "Ameshaaga. Washa."

"Na kwa kumalizia," Mervyn aliendelea, "nitasoma maji kujaa na kupwa. Sitasoma ya hapa. Nitasoma ya Burnie, kwa siku tano."

"Lo!" Kelvin alishika kichwa. "Joss, maji ya Burnie nayajua! Wewe unayajua! Ukutani kwetu yamebandikwa!"

"Amesema anamalizia. Hajamaliza."

Kelvin alimtazama kwa muda wa pigo moja la uzio ambao haukuwa unapiga. Kisha akarukia pikipiki yake na kuteremka akipunga kofia na kutukana ng'ombe kwa majina ya wanasiasa. Philippa aliacha daftari na kalamu akamkimbilia nyuma, sketi mkononi, akipiga makofi.

Jocelyn alibaki peke yake na sauti. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi. Jumamosi, maji kujaa. Jumamosi, maji kupwa. Mzee alisoma polepole, kila tarakimu akiiweka chini kwa uangalifu, kama mtu anayepanga vikombe kwenye nyumba anayohama. Jumapili. Safu ya sita. Jumatatu. Kelvin aliwarudisha kumi, na kumi na watano wakapita upande wa pili. Jumanne. Philippa alianguka kwenye mtaro, akainuka, kofia yake imebaki.

"Jumatano," alisema Mervyn, na sauti yake ikatetemeka kidogo hapo. "Maji kujaa, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Maji kupwa, saa kumi na dakika ishirini na sita jioni."

Karatasi ikakunjwa.

"Mwisho wa kusoma."

Jocelyn alingoja pumzi moja zaidi, asije akawa bado ana neno, ndipo akabonyeza.